Nusu ya Darasa, Nusu ya Kipindi

Mwaka juzi nilimwomba mwalimu mwenzangu aketi nyuma ya darasa langu la hisabati akiwa na saa na daftari, na nikamsihi asijishughulishe na maandishi yangu ubaoni wala na ubora wa somo, bali ahesabu tu: nani anazungumza, kwa muda gani, na wangapi hawajafungua kinywa hadi kengele inapolia. Vilikuwa vipindi viwili vinavyofuatana, dakika 80 kwa jumla, na wanafunzi walikuwa 48. Aliponikabidhi daftari lake sikuwa na la kusema. Mimi peke yangu nilikuwa nimezungumza kwa zaidi ya nusu ya muda huo. Dakika nyingine nyingi zilikuwa zimekwenda katika kugawa madaftari, kunyamazisha na kuwasubiri waliochelewa kunakili. Na wanafunzi waliotamka neno lolote lenye uhusiano na hisabati walikuwa 9, wanne kati yao wakiwa wale wale wa dawati la mbele ambao hunyoosha mkono kabla swali halijaisha. Wale 39 waliobaki walikuwa wamehudhuria somo langu kama watu wanavyohudhuria hotuba. Kilichoniuma ni kwamba siku zote nilikuwa nikijihesabu miongoni mwa walimu wanaowashirikisha wanafunzi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyatilia shaka mambo mawili ambayo sisi walimu huyachukulia kana kwamba yamo katika maumbile ya dunia, yaani ukubwa wa darasa na urefu wa kipindi. Yote mawili yana historia, na historia yenyewe haina uhusiano mkubwa na namna mtoto anavyojifunza. Joseph Lancaster alipofungua shule yake mjini London mwaka 1798, nia yake ilikuwa kuwasomesha watoto wa maskini kwa gharama ndogo kadiri ilivyowezekana. Mwalimu mmoja alisimamia mamia ya wanafunzi kwa kuwatumia viranja waliokuwa wamejifunza kidogo zaidi ya wenzao, na safu ndefu za madawati yaliyoelekea upande mmoja zikawa sura ya shule kwa wengi waliokuja baadaye. Urefu wa masomo nao una kisa cha kuchekesha. Nchini Marekani, kipimo cha saa 120 za somo moja kwa mwaka kilienezwa kuanzia mwaka 1906 na taasisi ya Carnegie, ambayo shughuli yake ya awali ilikuwa kuwalipa pensheni maprofesa wa vyuo vikuu. Ilihitaji njia ya kuvitambua vyuo vinavyostahili, vyuo vikahitaji njia ya kuzipima shule zinazowaletea wanafunzi, na saa za kukaa darasani zikaonekana kuwa kitu chepesi kuhesabika. Hakuna aliyekuwa amemuuliza mtoto chochote.

Nilipoanza kusoma kuhusu madarasa madogo nilitarajia kukuta jibu moja lililo wazi, na mwanzoni nilidhani nimelipata. Mwaka 1985 jimbo la Tennessee, Marekani, lilianzisha jaribio lililodumu miaka minne na kuwahusisha zaidi ya watoto 11,000, kuanzia shule ya awali hadi darasa la tatu. Watoto pamoja na walimu walipangwa kwa bahati nasibu: wengine katika madarasa ya wanafunzi 13 hadi 17, wengine katika madarasa ya kawaida ya 22 hadi 25, na wengine katika madarasa ya kawaida yaliyoongezewa mwalimu msaidizi. Waliokuwa katika madarasa madogo walifanya vizuri zaidi katika kusoma na katika hisabati, na faida ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto weusi na kwa wale wa familia maskini, ilhali kuwapo kwa mwalimu msaidizi hakukuongeza kitu cha maana.

California ilivutiwa na matokeo hayo, na mwaka 1996 ikaamua kupunguza madarasa ya chini kutoka wanafunzi wapatao 30 hadi 20, tena katika jimbo zima kwa mkupuo mmoja. Walimu wakahitajika kwa maelfu, na wengi wa waliopatikana kwa haraka hawakuwa wamehitimu kikamilifu. Shule zilizojiweza ziliwavutia wenye uzoefu, na zile zilizokuwa na shida kubwa zaidi zikabaki na wanagenzi. Matokeo yakawa ya kusuasua. Funzo kali zaidi, hata hivyo, nimelipata kutoka magharibi mwa Kenya, ambako Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia mpango ulioanza mwaka 2005 wa kuongeza mwalimu wa mkataba katika darasa la kwanza, jambo lililopunguza idadi ya wanafunzi kutoka 80 na ushei hadi karibu nusu yake. Watoto waliobaki na mwalimu wao wa kawaida katika darasa hilo lililopungua hawakupata ongezeko la maana, na juhudi za walimu hao zilipungua badala ya kuongezeka. Waliosonga mbele ni wale waliokabidhiwa kwa mwalimu wa mkataba.

Sikuyasoma hayo kama lawama kwa walimu wa Kenya au wa kwingineko. Niliyasoma nikijiona mimi mwenyewe. Lau ningepewa kesho wanafunzi 24 badala ya 48, ningesimama mahali pale pale mbele ya ubao, ningezungumza kwa muda ule ule, ningewauliza wale wanne wa dawati la mbele, na tofauti pekee ingekuwa mzigo mwepesi wa madaftari ya kusahihisha. Kupunguza idadi kunafungua mlango tu. Kama mwalimu hana shughuli upande wa pili wa mlango huo, atabaki alipo, tena kwa raha zaidi.

Bila shaka sikuwa na mamlaka ya kumwajiri mtu wala chumba cha ziada. Nilichokuwa nacho ni zile dakika 80, chumba kimoja kilicho kirefu kuliko upana wake, na mwalimu wa taaluma ambaye kwa bahati njema hakuuliza maswali mengi. Nikaamua kuligawa darasa mara mbili ndani ya chumba hicho hicho. Dakika 5 za mwanzo zingekuwa za wote. Kisha wanafunzi 24 wangesogea mbele na kukaa nami kwa dakika 35 katika nusu duara kuzunguka ubao, huku 24 wengine wakifanya mazoezi ya maandishi nyuma ya chumba. Kisha makundi yangebadilishana, na dakika 5 za mwisho zingekuwa za kukusanya kazi.

Kabla ya kuanza nilipiga hesabu, na hesabu ikanikatisha tamaa. Dakika 80 zikigawanywa kwa wanafunzi 48, kila mmoja ana sekunde 100 za mwalimu. Dakika 35 zikigawanywa kwa wanafunzi 24, kila mmoja ana sekunde 87 tu, na hata dakika za mwanzo na za mwisho zikirudishwa zote, hatufiki mbali zaidi ya zile zile 100. Hesabu ya kugawanya haina huruma: mwalimu ni mmoja, muda ni ule ule, na hakuna namna ya kuipanga ratiba itakayoongeza sekunde moja kwenye jumla hiyo. Ninalisisitiza hili kwa sababu mara nyingi vikundi vidogo husifiwa kana kwamba vinaongeza muda. Havizalishi hata dakika moja. Kama vina faida, basi faida hiyo haina budi kutoka kwingine: kwamba zile sekunde 100 za awali zilikuwa za kwenye karatasi tu, maana 39 kati ya 48 hawakuwa wakizipata kabisa, na kwamba yule asiyekuwa na mwalimu kwa wakati huo anaweza kuwa anafanya kazi badala ya kungoja.

Wiki ya kwanza ilikuwa vurugu. Niliwapa wale wa nyuma mazoezi ya mada niliyokuwa nimewafundisha wenzao dakika chache zilizotangulia, au niliyokusudia kuwafundisha wao baada ya kubadilishana, nikidhani ni jambo la busara kwa kuwa lingewaandaa. Hawakupita swali la pili. Baada ya dakika kumi foleni ilikuwa imejipanga ubavuni mwangu, kila mmoja ameshika daftari lake na kidole kimebaki palepale alipokwama, na mimi nikajikuta nikifundisha madarasa mawili kwa wakati mmoja, jambo ambalo ni baya kuliko kufundisha darasa moja kubwa. Siku ya tatu nilikaribia kurudisha madawati yote mahali pake.

Dawa ilikuwa nyepesi, na ninaona aibu kidogo kwamba sikuifikiria mapema. Mtu asiyeweza kuuliza apewe kazi anayoijua. Tangu wiki ya pili, mazoezi ya kundi la nyuma yakawa ya mada za wiki iliyopita, za mwezi uliopita, na mara moja moja za muhula uliopita, yakiwa yamechanganywa bila mpangilio, pamoja na karatasi ya majibu iliyobandikwa ukutani ambayo mtu huruhusiwa kuiendea akishamaliza maswali matano. Foleni ikakatika. Nilifanya hivyo kwa ajili ya utulivu tu, na ilinichukua muda kutambua kwamba bila kukusudia nilikuwa nimeingiza katika ratiba kitu ambacho Hermann Ebbinghaus alikionyesha tangu mwaka 1885 kwa kujifanyia majaribio yeye mwenyewe: kwamba tulichojifunza hutuponyoka upesi sana mwanzoni, na kwamba kujikumbusha kwa vipande vilivyoachana hukihifadhi kuliko kukikariri kwa wakati mmoja. Katika miaka yote ya kufundisha kipindi kizima nilikuwa nikisema kwamba sina muda wa marudio. Muda huo ulikuwapo. Ulikuwa umekaliwa na sauti yangu.

Sasa niseme lililotokea mbele, kwenye nusu duara. Tulikuwa katika kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, na mwanafunzi mmoja alikuwa ameandika kwamba 1/2 + 1/3 = 2/5. Kila mwalimu wa hisabati amelisahihisha kosa hili mara nyingi asizoweza kuzihesabu. Mtoto amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Unatia alama ya kosa, unaandika pembeni kwamba atafute kigawe kidogo cha shirika, unafungua daftari linalofuata. Lakini siku hiyo alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu, na wenzake walikuwa 23 tu, kwa hiyo nikamuuliza amefikaje hapo, na nikanyamaza.

Kimya hicho kinastahili kuelezwa. Mary Budd Rowe, aliyechunguza rekodi za masomo mengi ya sayansi nchini Marekani na kuchapisha matokeo yake katika miaka ya 1970, alikuta kwamba mwalimu akishauliza swali husubiri kwa wastani wa sekunde moja hivi kabla ya kulirudia, kulijibu mwenyewe au kumgeukia mwingine. Walimu walipozoezwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, kushindwa kujibu kukapungua, na wanafunzi waliokuwa wakidhaniwa kuwa wazito wakaanza kuchangia. Sekunde tatu mbele ya watu 48 ni ndefu mno. Minong'ono huanza, mtu humtajia mwenzake jibu, na mwalimu huhisi darasa linamtoka mikononi. Mbele ya 24 walioketi karibu, sekunde tatu zinavumilika, na siku hiyo nadhani zilifika kumi.

Akasema: “Mwalimu, jaribio la kwanza lilikuwa na maswali mawili, nikapata moja. La pili lilikuwa na maswali matatu, nikapata moja. Yote pamoja nimepata mawili kati ya matano.”

Nilikaa. Alikuwa sahihi kabisa kwa swali alilojiuliza. Tatizo ni kwamba swali hilo silo tulilomuuliza. Kichwani mwake alama ya kujumlisha ilimaanisha kuunganisha majaribio mawili, ambayo kila moja lina jumla yake, ilhali kwenye ubao ilimaanisha kuongeza vipande viwili vya kitu kimoja. Nikawarudishia wenzake swali: je, nusu ya mkanda huu wa karatasi ukiongezewa theluthi yake, unaweza kupata kipande kilicho kifupi kuliko nusu uliyoanza nayo? Maana 2/5 ni ndogo kuliko 1/2. Mabishano yaliyofuata yalikula dakika 20 kati ya 35 zangu, na watoto watatu ambao sikuwahi kuwasikia walisimama kukunja karatasi mbele ya wenzao. Mfano niliokuwa nimeuandaa haukufikiwa. Katika kipindi cha darasa zima kosa lile lingepata alama nyekundu, naye angeondoka akiamini kwamba hisabati ni mchezo ambao sheria zake hubadilika kwa matakwa ya mwalimu.

Kuhusu ufupi wa somo sina budi kujitenga na hoja inayozagaa sana, ile inayodai kwamba usikivu wa mwanafunzi hudumu dakika 10 au 15 kisha huzimika. Watafiti waliofuatilia chimbuko la dai hilo wamekuta ushahidi wake ni dhaifu, na kila mzazi aliyemtazama mtoto akijenga kitu anachokipenda anajua kwamba dakika hizo huweza kufika saa mbili. Sababu yangu ya kupenda somo fupi ni tofauti: linanilazimisha kuchagua. Nilipokuwa na dakika 80, andalio la somo langu lilikuwa na malengo manne, nami nilikuwa nikiyapitia yote kama mtu anayekagua gwaride. Katika dakika 35 lengo ni moja, na swali la kuanzia ni moja, na ikiwa swali hilo ni bovu hakuna mahali pa kujificha. Nimefuta maelezo niliyokuwa nikiyatoa kwa miaka mingi na sijaona mtoto yeyote akiyatafuta.

Ipo faida nyingine ambayo sikuitarajia, nayo ina kasoro ndani yake. Kwa kuwa nafundisha somo lile lile mara mbili mfululizo, mara ya pili hulifundisha vizuri zaidi. Nimeshajua pa kukwama, nimeshasikia mfano mzuri kutoka kwa mtoto wa kundi la kwanza. Kwa wiki kadhaa kundi la pili lilikuwa likinufaika kwa gharama ya la kwanza, hadi mwanafunzi mmoja alipolitamka hilo waziwazi, tena kwa adabu iliyonifanya nishindwe kujitetea. Sasa makundi hupokezana zamu ya kutangulia, na majina katika makundi hubadilishwa kila baada ya wiki tatu ili lisije likazuka kundi la “wenye akili” na kundi la “wengine”.

Wanafunzi wenyewe hawakuupenda utaratibu huu mara moja, na baadhi ya wazazi walitaka kujua kwa nini mtoto “anafundishwa nusu kipindi”. Katika hilo nilifarijika kidogo na utafiti ambao Alan Baddeley na mwenzake Longman waliuchapisha mwaka 1978, kuhusu wafanyakazi wa posta nchini Uingereza waliokuwa wakijifunza kupiga taipu. Waliofanya mazoezi saa moja kwa siku walihitaji jumla ya saa chache zaidi kufikia kiwango fulani kuliko wale waliofanya saa nne kwa siku, ingawa kwa kalenda walichukua siku nyingi zaidi. Na hao wa saa moja ndio walioridhika kwa kiwango cha chini kuliko wenzao na mafunzo yao, kwa kuwa walijiona wanachelewa. Hisia ya kwamba tumejifunza sana leo haiendi sambamba na kujifunza kwenyewe, na somo refu lenye maelezo mengi hutoa hisia hiyo kwa wingi.

Sidai kwamba mpango huu unafaa kila mahali. Jaribio la maabara haliwezi kukatwa katikati, na mtu anayeandika insha anahitaji muda mrefu usiokatizwa, kwa hiyo mwenzangu wa lugha aliyejaribu kuniiga aliacha baada ya wiki mbili na alikuwa na haki. Darasa likipungua kupita kiasi nalo hupoa. Siku moja wengi hawakuwapo, nikabaki na saba mbele yangu, na mjadala ukafa kwa sababu hapakuwa na wa kubisha. Uchovu wa mwalimu ni mkubwa zaidi, si mdogo, maana hakuna dakika hata moja ya kutazama dirishani wakati wote wananakili. Madaftari ya kusahihisha yamebaki 48. Na anayedhani kwamba kwa kuwagawa watoto ndani ya chumba kimoja tumepata mbadala wa kuajiri walimu zaidi, ajaribu kwanza kusikiliza mabishano ya sehemu huku watoto 24 wakiburuta viti nyuma yake.

Muhula huu nilimwomba mwalimu wa taaluma avitenganishe vile vipindi viwili, kimoja kiwe Jumanne na kingine Ijumaa, ili kati ya somo na somo pawe na siku za kusahau kidogo na kukumbuka tena. Aliniambia ratiba ya walimu 20 haiwezi kupinduliwa kwa ajili ya mmoja, kisha wiki iliyofuata akanipa hilo kwa mkondo mmoja, kwa sharti kwamba nisiwatangazie wengine. Makundi ya mkondo huo sasa yana dakika 18 kila moja, na bado sijajua kama ni chache mno.

Mwezi uliopita mwenzangu alirudi na saa yake na daftari lile lile, akaketi nyuma kati ya wale waliokuwa wakifanya mazoezi, katika darasa lile la dakika 80. Waliotamka neno la hisabati mbele yangu walikuwa 33. Majina ya wale 15 waliobaki nimeyaandika kwenye kipande cha karatasi na kukichomeka katika jalada la andalio la somo. Sita kati yao hukaa pamoja, upande wa dirisha, mahali ambapo, nilipojaribu kusimama hapo jana baada ya vipindi, niligundua kwamba mwanga huufanya ubao usisomeke.